Ubavu Wangu na Jani la Melkiori

Wenzangu wa mfongo wa juu, na nyinyi walimu wastaafu mnaonisubiri nje ya kanisa kila Jumapili,

Mmeniuliza yaliyonipata, na kila mmoja wenu ameuliza akiwa tayari na jibu lake. Nimesikia kwamba nilikatwa mguu. Nimesikia kwamba nilipelekwa India. Nimesikia, kutoka kwa mtu niliyemfundisha mwenyewe kuipima habari kabla ya kuibeba, kwamba nilikata roho Chalinze nikafufuka Morogoro, mji ambao basi letu halikuupitia.

Kwa hiyo naandika. Nilikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, na katika miaka yote hiyo sikuingiza katika taarifa jambo nililoambiwa tu. Nitafuata desturi hiyo. Niliyoyaona nitayasema kama niliyoyaona. Niliyoambiwa nitayaweka peke yake, chini ya jina la aliyeniambia. Mtakuta kipande kirefu cha njia, kuanzia Korogwe hadi Dar es Salaam, ambacho sina ushahidi wowote juu yake ingawa nilikuwemo garini. Kwa wiki mbili nilikataa kukiandika. Mke wangu, Mama Kalisti, akasema kwamba bila kipande hicho karatasi hizi zitakuwa za kujisifu. Nimekiweka.

Benchi la tatu

Safari ilianzia kanisani, wiki moja baada ya mimi, katibu wa mfongo, kumnyima Melkiori zamu ya ziada ya maji. Kwa ajili ya wajukuu waliozaliwa mjini: mfongo ni mfereji uliochimbwa na babu zetu kuteremsha maji kutoka msituni, na kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kina siku yake. Melkiori aliomba siku ya jirani aliyesafiri, kwa sababu migomba yake ilikuwa imeanza kukunja majani. Nilimsomea kanuni. Akageuka akaenda zake, maana Melkiori ni mtu wa maneno machache.

Jumapili iliyofuata tulikaa benchi moja, yeye kuumeni kwangu. Mgongo ulikuwa ukiniuma tangu masika, nami nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sababu ni kuinama kwenye kahawa nikiwa na miaka sabini na mitatu. Katikati ya mahubiri nikapiga chafya, na papo hapo kitu kikalia ndani ya ubavu wangu wa kulia kama kijiti kikavu cha mbuni. Mahubiri yalipokwisha watu wote walisimama, mimi maumivu yakanikalisha. Nikageuka, nikamwona Melkiori, na kiwiko chake kikiwa mahali ambapo viwiko vya watu hukaa.

Nilikuwa na kila kitu ambacho baraza lingetaka: chuki, mahali, silaha, na shahidi wa macho, ambaye ni mimi. Mama Kalisti, aliyekuwa upande wa wanawake, alisema kwamba hakuna mtu aliyenigusa. Alikuwa ananitazama kwa sababu nilipiga chafya bila leso. Nilimjibu kwamba kutoka pale alipokaa asingeweza kuona vizuri. Nikapeleka neno kwa wazee wa ukoo wa Melkiori.

Siku ya nne Melkiori alikuja ameshika jani la isale, na mkewe nyuma yake amebeba mbege, pombe yetu ya ndizi. Mnajua uzito wa jani lile. Linaota kwenye mipaka ya vihamba vyetu na penye makaburi ya wazee wetu, na anayekuletea hulazimiki kumpenda, lakini huwezi kumnyima msamaha. Aliniomba radhi kwa ajili ya kiwiko. Hakusema kama alikitumia. Nililipokea jani kwa uso wa hakimu, nikanywa mbege, na ubavu ukaendelea kuuma.

Kibosho hadi Moshi mjini

Tuliteremka kwa gari la wazi la mnunuzi wa kahawa, mmoja wa wale wafanyabiashara binafsi walioanza kupanda kwetu na mizani zao mwaka ule. Mama Kalisti alinitengenezea mto wa majani makavu ya mgomba. Niliukataa mbele ya watu. Tulipopita daraja la kwanza nikauomba, na kabla hatujafika lami nilikuwa nimekalia wangu na wake. Dereva aliniuliza kwa jina tunalowaita wazee, “Meku, nipunguze mwendo?” Nikamwambia aendeshe kama alivyofundishwa. Aliendesha hivyo, na hilo ndilo lililokuwa kosa.

Katika hospitali kubwa ya Moshi nilipokelewa na daktari kijana, mwanamke, aliyenipa shikamoo kabla ya kugusa kalamu. Nilimpa alama za juu kwa hilo. Aliniuliza kama maumivu huzidi usiku. Nikamwambia kwamba usiku huwa nimelala, na mtu aliyelala hatoi ushahidi. Aliniuliza kama nasikia kiu kuliko zamani. Nikamwambia kwamba mwanaume wa Kibosho hanywi maji, maji ni ya ndama. Aliniuliza nameza vidonge vingapi vya maumivu. Nikasema viwili kwa siku.

Naomba mlitazame jibu hilo, maana litarudi. Viwili ndivyo nilivyoandikiwa zahanati. Vingine nilivinunua kwenye maduka mapya ya dawa yaliyokuwa yakifunguliwa kila mtaa wa Moshi, na hivyo sikuvihesabu, kwa kuwa hakuna daktari aliyeviandika. Dawa isiyo na cheti niliichukulia kama peremende. Mama Kalisti alifungua mdomo. Nikamwambia kwamba daktari ameniuliza mimi.

Walinipiga picha ya kichwa, mgongo na mbavu. Walichukua damu na mkojo, kisha wakaingiza sindano nene kwenye mfupa wa nyonga na kuvuta kitu ambacho mwili wangu haukutaka kukitoa. Siku chache baadaye daktari aliiweka picha ya kichwa changu kwenye mwanga. Niliona mashimo madogo ya mviringo, kama hindi lililotembelewa na dumuzi. Nikauliza ni kichwa cha nani.

Ilikuwa saratani ya uboho, yaani ya ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Alinieleza kwamba aina moja ya chembe imeanza kujizalisha bila mpaka, inazinyima nafasi chembe nyingine, na inaila mifupa kutoka ndani. Nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia. Ni mtu mmoja kwenye mfongo aliyejifungulia maji siku zote saba.

Alisema figo zimeanza kulemewa, akanikataza vidonge vya maumivu, akaniagiza ninywe maji mengi, na akatuandikia barua ya kwenda Dar es Salaam, ambako kulikuwa na vidonge vya kuushika ugonjwa huu. Amri ya vidonge niliitii kwa vile viwili. Juu ya maji nilisema nitaliangalia.

Moshi hadi Korogwe

Basi letu lilikuwa jipya, na mbele lilikuwa na televisheni iliyoonyesha wanaume wakirukiana mateke tangu Himo hadi Mwanga. Karibu yetu alikaa mama mmoja wa Kiboroloni, muuza mitumba, mnene na mchangamfu, anayekwenda Dar kununua marobota. Kabla ya Mwanga alikuwa amekwisha kujua idadi ya watoto wetu, na Mama Kalisti alikuwa amekwisha kujua ya kwake.

Milima ya Upare ilikuwa kushoto kwetu tairi lilipopasuka, mbele kidogo ya Same. La akiba nalo lilikuwa halina upepo. Kondakta aliondoka na tairi kwa lori lililopita, nasi tukakaa kwenye kivuli cha basi, tukisogea kila kivuli kiliposogea. Mama Kalisti alifungua kikapu: ndizi za kuchoma, na chupa ya chai iliyojaa mtori.

Sihitaji kuwaambia nyinyi kwamba mtori, ndizi na nyama vilivyopondwa hadi vikawa uji, ni chakula cha mwanamke aliyejifungua. Wiki tatu hizo sikuwa nikiweza kumeza kingine. Mama wa mitumba alinusa, akafurahi, akauliza, “Hongera jamani. Mzazi yuko wapi?”

“Ndiye huyu,” alisema mke wangu, akinielekeza kwa kijiko.

“Kajifungua nini?”

“Bado hatujajua. Tunakwenda Dar kuuliza.”

Walicheka hadi wakafutana machozi. Mimi nilitazama milima. Mdomo wangu ulikuwa mkavu kama gunzi, lakini palikuwa wazi pale, bila kichaka cha kumsitiri hata mbuzi, nami nilihesabu kwamba mtu asiyekunywa hahitaji kichaka. Nilikaa saa nne kwenye jua la Same bila tone la maji, kwa sababu ya heshima.

Jambo la mwisho ninaloweza kulitolea ushahidi ni chungwa. Tulifika Korogwe jua likiwa limeinama, watu wakashuka kula, na mtu akaniwekea mkononi chungwa lililomenywa. Nakumbuka uzito wake, na kwamba lilikuwa zuri. Nakumbuka nikijiuliza, bila hofu yoyote, kitu hiki hutumiwa kwa kazi gani.

Korogwe hadi Dar es Salaam, kwa maneno ya Mama Kalisti

Yanayofuata sikuyaona. Nayaandika kama nilivyosimuliwa, na nimemtaka msimuliaji arudie mara tatu, na mara zote tatu hayakupishana.

Anasema kwamba baada ya Korogwe nilisimama katikati ya basi nikatangaza ukaguzi. Nilimtaka kondakta alete daftari la mahudhurio. Niliamuru televisheni izimwe kwa kuwa somo lile halimo katika ratiba, na, anasema, abiria kadhaa walinishukuru. Niliwapanga watu wa viti vya nyuma kwa urefu. Kijana mmoja nilimtaka ataje saba mara nane, akakosea, nikaandika jambo hewani kwa kidole.

Nilipofika kwa mama wa mitumba nilimwomba andalio la somo. Mama yule, ambaye sijui jina lake na ambaye ningependa kulijua, alikuwa amekwisha kutazamana na mke wangu. Hakucheka. Alisema, “Bwana mkaguzi, andalio lipo. Lakini shule yetu ina kanuni, mgeni hukaribishwa maji kwanza.”

Kwa kanuni, anasema Mama Kalisti, nilikubali mara moja. Nilikunywa kifuniko kimoja cha chupa ya chai, na kingine. Kila nilipokataa walinisomea kanuni mpya. Kwa njia hiyo wanawake wawili walinifikisha Chalinze. Hapo niliteremka, nikagoma kupanda tena kwa madai kwamba nimemaliza wilaya yangu. Kondakta akaniambia kwa heshima kwamba nimeongezewa wilaya. Nikapanda.

Mwanangu Kalisti alitupokea kituoni Dar. Nilimpa mkono nikamuuliza yuko darasa la ngapi. Ana miaka arobaini na miwili. Mama Kalisti anasema kwamba hapo tu, baada ya njia yote ile, ndipo alipolia, na kwamba alifanya hivyo nyuma ya basi ili mtoto asimwone. Sehemu hii ni mimi niliyemtaka aiseme. Yeye hakutaka iandikwe.

Dar es Salaam, wodini

Ushahidi wangu unaanza tena na dari nyeupe na chupa ya maji iliyoning'inia juu yangu, ikidondosha taratibu kwenye mshipa wa mkono. Nilikuwa nimepoteza siku tatu. Nilielezwa kwamba chokaa ya mifupa yangu ilikuwa imeingia kwenye damu kwa wingi, na chokaa ikizidi damuni humpa mtu kiu, humfungia choo, kisha humwondoa akili. Maji yale ya mshipani yalikuwa yanaisafisha.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo sijaona wakubwa wengi wakilifanya.

“Mzee, vidonge vya maumivu ulikuwa unameza vingapi kwa siku?”

“Viwili.”

“Una hakika?”

“Swali hilo nilijibu Moshi, na jibu halijabadilika.”

Alimgeukia mke wangu. Nikasema kwamba mgonjwa ni mimi, na yeye anayo ya kusikia tu.

“Mzee,” alisema daktari, “figo zako zimechoka, na sijui zimechoshwa na nini. Kama ni ugonjwa peke yake, zinaweza zisirudi, na vidonge vyangu itabidi nivipunguze hadi visifae kitu. Kama kuna kilichoziongezea mzigo, nakiondoa, nasubiri, halafu nakutibu. Nikikosea hapa nakuua. Kwa hiyo nyamaza kidogo.”

Tangu nilipoacha kuwa mwanafunzi hakuna aliyewahi kuniambia ninyamaze. Nilishangaa kuona kwamba nimenyamaza.

Mama Kalisti alifungua fundo la kanga yake. Alitoa karatasi za vidonge, zile za fedha, tupu zote, zimekunjwa vizuri kama barua, akazipanga kwenye shuka juu ya miguu yangu.

“Hizi ni za wiki moja,” alisema. “Nilizitoa kwenye mfuko wa koti lake la kanisani. Sita kwa siku, siku nyingine nane. Maji anamaliza mtungi, halafu anasema ni ya ndama. Na kabla hatujaondoka alimwamkia mbuzi kwa jina la marehemu kaka yake.”

“Moshi hukusema?”

“Nilifungua mdomo. Akaniambia sikuulizwa.”

Daktari alizihesabu, akaandika. “Kuna lingine?”

“Liko moja. Melkiori hakumgusa.”

Aliuliza Melkiori ni daktari wa wapi. Ilibidi aelezwe benchi, chafya, kiwiko na jani. Alisikiliza yote bila kutabasamu, kisha akainua picha ya mbavu zangu kuelekea dirishani, akaitazama kwa muda.

“Huu haukupigwa,” alisema. “Ubavu ulioliwa hivi, chafya inautosha. Nina mgonjwa aliyevunja wake kwa kumkumbatia mjukuu.”

Nimesoma mahali pengi kwamba shahidi wa macho ndiye bora. Sikuwahi kusoma kwamba shahidi huyo anaweza kuwa na mashimo kichwani. Nilimhukumu mtu kwa ushahidi wa mifupa yangu mwenyewe, na mifupa ikawa ndiyo mkosaji. Aliyesema kweli tangu mwanzo alikuwa ameketi upande wa wanawake, mbali, kwa maneno yangu, mno asiweze kuona.

Nilimuuliza daktari kama nitapona.

“Hapana,” alisema. “Vijana huko Ulaya siku hizi wanapewa dawa kali sana, kisha wanarudishiwa uboho wao wenyewe. Hapa hatuna, na hata tungekuwa nayo, kwa umri wako nisingekupa. Ingekumaliza kabla ya ugonjwa. Kwa wazee kazi yangu ni nyingine. Naulaza ugonjwa usinzie. Mifupa itulie, damu ipande, urudi ukakae kwenye kiti chako.”

“Kwa muda gani?”

“Sijui. Nikikutajia, nitakuwa nabahatisha.”

Nilimwamini kuanzia pale. Mtu asiyebahatisha ni ndugu yangu.

Siku saba zilizofuata nilikuwa chombo cha kupitishia maji. Kitanda cha jirani kilikuwa na Mzee Juma, dereva wa treni mstaafu kutoka Tabora, mwenye ugonjwa huuhuu na aliyekuwa amerudi kwa vidonge vya mara ya nne. Nilimsimulia habari za mfongo na kanuni zake kwa kirefu. Tangu hapo kila nilipoweka kikombe chini kikiwa na maji alisema, “Kunywa, Mchaga. Hapa hakuna zamu.” Nilipima kila kilichoingia na kila kilichotoka, nikaandika kwenye daftari lenye mistari, na muuguzi mmoja alikiri kwamba daftari langu lilikuwa bora kuliko lao. Siku ya nane daktari alisoma majibu ya damu, akaniambia figo zinarudi. Mama Kalisti alikuwa akikunja shuka. Aliendelea kuikunja hadi ikawa ndogo kama leso.

Vidonge vyenyewe ni vidogo mno kwa kazi yake. Unavimeza asubuhi nne mfululizo, tumbo likiwa tupu. Baada ya uji unafuatisha vingine, vya kusaidia. Kisha unaacha, na unangoja wiki sita damu ijipange upya kabla ya kurudia. Mgongo waliupiga mionzi mara moja, nikiwa nimelala juu ya meza peke yangu chumbani, nikijiona kama kahawa iliyoanikwa.

Vile vya kusaidia vina tabia ambayo sikuonywa, au nilionywa sikusikia. Niliporuhusiwa kwenda nyumbani kwa Kalisti nilikuwa na njaa ya mtu wa shamba na ulimi wa dalali. Wali wa nazi, ambao kwa miaka mingi nimewaeleza watu kwamba si chakula cha watu makini, niliula sahani mbili nikafuta ya tatu. Nilimsimulia mkwe wangu historia ya kahawa tangu mche wa kwanza, akiwa amesimama na mikono ndani ya beseni la vyombo, na kila alipotaka kuitoa nilianza mlango mwingine. Alinisikiliza hadi maji yakapoa. Nimemwandikia barua ya kumshukuru.

Dar es Salaam hadi Kibosho

Safari ya kurudi haikuwa na tairi lililopasuka. Ilichelewa kwa sababu moja tu, nayo imo katika taarifa hii kama mwandishi wake. Daktari alikuwa ameagiza lita tatu za maji kila siku, bila kujali kama ni siku ya basi, nami nilitekeleza. Basi lilisimama kwa ajili yangu kabla ya Chalinze, baada ya Chalinze, Segera, Mombo, Hedaru, na mahali pamoja pasipo na jina ila mbuyu, ambao naushukuru. Palepale Same, kwenye uwazi uleule, niliteremka mbele ya abiria sitini nikamgeuzia mgongo kila mmoja wao. Heshima niliyoitunza kwa saa nne wakati wa kwenda niliiacha hapo kwa dakika moja.

Kufika Mwanga abiria walikuwa wakipaza sauti kwa niaba yangu: “Dereva, meku wa maji.” Mama Kalisti alisema kwamba kwa mara ya kwanza maishani nimepata daraja lililochaguliwa na wananchi.

Tulipanda Kibosho kwa gari la mnunuzi yuleyule. Niliomba mto kabla ya kupanda, na dereva nilimwambia apunguze.

Kutoka kwangu hadi kwa Melkiori

Hatua hii ya mwisho ni fupi kuliko zote, si zaidi ya kutupa jiwe mara mbili. Niliiahirisha siku tisa. Nilijiambia kwamba mgongo haujakaa sawa, kisha kwamba mvua imelowesha njia, kisha kwamba deni la namna hii hulipwa kupitia kwa wazee wa ukoo. Mama Kalisti hakubishana. Asubuhi ya kumi aliweka kisu kidogo kando ya kikombe changu cha maji.

Nilikwenda mpakani mwa kihamba, penye kaburi la baba yangu, nikakata jani la isale mwenyewe. Nikavuka mfongo. Ilikuwa siku ya maji ya Melkiori, na mfereji wake ulikuwa umejaa. Alikuwa ameinama akizibua taka kwa jembe, na aliponiona alisimama, akaangalia mkono wangu, akaliacha jembe lianguke.

Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sehemu tatu. Nilipofungua mdomo nilikuta sehemu moja tu.

“Melkiori, hukunigusa. Nilikusingizia, na nilikunyima maji migomba yako ikikauka.”

Alilisogeza jembe kando kwa mguu. Kisha akasema, “Mwalimu, hata mimi nilifika mahali nikadhani labda nilikugusa.”

Nikamuuliza kwa nini basi aliniletea jani kwa kosa ambalo hakulijua.

“Niliona unavyokaa,” alisema. “Mtu anayekaa hivyo ana maumivu makubwa. Nikasema nikukubalie hata hilo, upunguze moja.”

Nimeandika maneno hayo siku ileile, ili yasipotee.

Mtauliza kama dawa inafanya kazi. Mkija, Mama Kalisti atawaambia kwamba rangi imerudi na kwamba nimeacha kuwaamkia mbuzi. Huo ni ushahidi wake, nami siku hizi naupokea. Damu yangu itapimwa Moshi Jumatatu, kabla ya vidonge vya awamu ya pili. Hilo halijatokea, kwa hiyo silisemi. Ninachoweza kukitolea ushahidi mimi mwenyewe kinaishia pale kwenye mfereji. Nilisimama kwa miguu yangu, bila fimbo, mkono umenyooshwa. Melkiori alipangusa tope kwenye suruali yake, akalipokea jani kwa mikono miwili, akanitazama usoni, na kuniuliza kama leo nimekwisha kunywa maji.